Toba Ambayo Hukuifanya

Daktari,

Leo ni Jumanne na bado sijatulia. Tangu Jumapili nikianza jambo naliacha katikati. Nikikaa nasimama, nikiweka chai jikoni naisahau mpaka inakauka. Leo asubuhi kazini nimepanga sampuli zote kwenye mashine, nikafunga kifuniko, nikasimama pale nikingoja, kumbe sijaiwasha. Ungekuwepo ungecheka mpaka miwani ianguke. Basi nimeamua nikuandikie, ingawa barua hii haina pa kupelekwa. Yaliyotokea Jumapili kanisani kwa kaka yako yanakuhusu kuliko mtu yeyote, na wewe peke yako ndiye hukuulizwa.

Nianze na habari za nyumbani, vile ulivyopenda. Mama yako yuko. Miguu inamsumbua, lakini bado anauza mboga pale kwenye kona yake ya Kabiro, Kawangware, na bado anawaambia wateja kwamba mwanawe alikuwa daktari. Mpaka leo hakubali kwamba hukuwa daktari wa watu. Unakumbuka majirani waliokuwa wakikufuata na vikohozi vyao kila ukienda kumwona? Na yule mama jirani aliyekufungulia mdomo akuonyeshe jino? Ulimwambia, "Mama, mimi nashughulika na vitu visivyoonekana," naye akakujibu kwamba hata maumivu yake hayaonekani.

Mimi bado nakaa Sarang'ombe, huku Kibera, chumba kilekile. Mama yangu ameacha kufulia watu nguo kule kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, mgongo umekataa. Darasa lako la Jumamosi halijafa. Kaka yako, Pasta Nehemia, alifunga ukumbi wa kanisa mara tu baada ya mazishi, tukahamia Kibera, kwenye shule moja ya chekechea isiyo na watoto siku hiyo. Tunakaa kwenye viti vidogo, magoti yakigusa kidevu. Wengine waliacha kuja. Kwa nini waliacha, hilo ndilo ninalotaka kukueleza.

Lakini ngoja kwanza. Unajua kwamba mara ya kwanza nilikuja darasani kwako kugombana? Sidhani niliwahi kukwambia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani tu, nikasikia kwenye kwaya kwamba kuna daktari Kawangware anafundisha vijana ndani ya nyumba ya Mungu ati mtu alitokana na nyani. Nilitembea kutoka Kibera mpaka kwenu nikiwa na Biblia kwenye mfuko na hasira njia nzima. Nikaingia, nikasimama kabla hata hujamaliza kusalimia watu, nikauliza, "Kwa hivyo Mungu alitudanganya?"

Ulinitazama bila kukasirika. Ukasema, "Hilo ni swali kubwa sana, na mimi nimekuja na machungwa. Kaa tuanze na machungwa."

Ukatugawia. Tukala. Halafu ukauliza kwa nini binadamu asipokula matunda na mboga fizi zake zinatoka damu, na mbuzi anatafuna majani makavu mwaka mzima na fizi zake ziko sawa. Ukatuambia mbuzi anajitengenezea mwenyewe mwilini ile vitamini C iliyo kwenye machungwa, ana jeni ya kazi hiyo. Sisi pia tunayo jeni hiyo, iko kwenye kila seli yetu, ila imevunjika. Na sokwe anayo, na imevunjika. Ukachora herufi za DNA ubaoni, zetu juu, za sokwe chini, ukatuonyesha kwamba imevunjika mahali palepale.

"Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi," ukasema, "labda wote walisoma. Lakini wakikosea kosa moja, herufi kwa herufi, msimamizi wa mtihani anajua nini?"

Darasa zima tukajibu pamoja kwamba walinakili. Tulikuwa watoto wa mitihani, hilo tulilijua kuliko kitu chochote.

"Basi hata sisi na sokwe tulinakili mahali pamoja. Hatukutoka kwake. Sisi na yeye ni binamu, tuna babu mmoja wa zamani sana aliyekuwa tayari na hilo kosa."

Wakati huo kaka yako alikuwa amesimama mlangoni na funguo za kanisa mkononi. Akasema, "Ama ni fundi mmoja aliyewatengeneza wote wawili. Kiti na meza vya fundi mmoja vinafanana."

Ulifurahia hoja hiyo, niliona usoni. Ukamjibu, "Fundi anarudia mtindo wake, kweli. Lakini umeona fundi anarudia ufa?"

"Sasa unamfundisha Mungu kazi," Pasta akasema, akaondoka. Na mimi nikabaki nimekaa na ganda la chungwa mkononi, hasira imekwisha na hofu imeanza. Nafikiri hofu hiyo ndiyo iliyonirudisha Jumamosi iliyofuata, na hiyo nyingine, mpaka ukanichukua maabara nikawa mwanafunzi wako wa vitendo, nikajifunza kushika pipeti na kupima matone bila kutetemeka.

Sitaki kumchora kaka yako vibaya. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba Nehemia aliacha shule akaenda mjengo kubeba mawe ili wewe uendelee kusoma. Ulisema hiyo ndiyo sababu humjibu akikutukana kwenye mimbari. Kwake yeye, alibeba mawe ili mdogo wake apande juu, na mdogo wake alipofika juu akageuka akamwambia babu yao alikuwa mnyama. Mtu anaweza kuumia kwa hilo bila kuwa mjinga.

Na sitaki kuwachora wale wa maabara vizuri pia. Mwezi mmoja baada ya mazishi, tulikunywa chai ya kukukumbuka pale maabara. Mkuu mpya akasimama na kikombe chake, akakusifu sana, halafu akasema kwamba mambo yako ya kanisa yalikuwa ya kumridhisha mama tu, kwamba mtu aliyeangalia vimelea vya malaria kwa miaka yote hiyo hawezi kuamini hadithi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukiimba tenzi ukingoja sentrifuji imalize kuzungusha sampuli, sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, na hakukuwa na mama yeyote wa kuridhishwa mle ndani.

Ulipenda kusema kwamba ukitaka kujua nani alikuumba unaenda kanisani, ukitaka kujua vipi unaenda maabara, na ukikosea mlango unaaibika kote kuwili. Mimi sikuridhika na hilo hata siku moja. Ulijua. Siku ile tulipopata vimelea vya kutoka upande wa ziwa ambavyo dawa haikuviua, ukanionyesha herufi moja iliyobadilika, ukaniambia kwa furaha, "Tazama Akinyi, mageuzi yenyewe haya, hayangoji mamilioni ya miaka." Mimi nikakuuliza ni vingapi vilikufa ili hicho kimoja kipone. Na watoto wangapi watakufa kwa sababu kilipona. Nikakwambia, kama hivi ndivyo Mungu anavyoumba, kwa kuua karibu wote na kuacha wachache, basi swali la vipi limeingia kwenye mlango wa nani, na huwezi kulifungia nje.

Uliweka pipeti chini. Ukasema, "Hapo hata mimi silali vizuri."

Nilitaka jibu, ukanipa hilo. Nilikasirika siku nzima. Lakini hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kuniambia kwamba halali vizuri kwa sababu ya swali langu.

Sasa nije hospitalini.

Ilikuwa mchana, nimekuletea uji kwenye chupa ya chai. Ini lilikuwa limekushinda, macho ya manjano, sauti imebaki kidogo tu. Nehemia akaingia na wazee wawili wa kanisa. Mimi nilikuwa upande wa kichwani, nimekushikia kikombe. Akainama akakuuliza, "Ndugu yangu, unakubali kwamba Mungu ndiye aliyemuumba mwanadamu?"

Ukasema, "Nakubali."

Akaanza kulia. Kisha ukaendelea, "Na niliyowafundisha vijana Jumamosi, nayakubali pia." Lakini ulisema kwa sauti ya chini, na kabla hujafika mwisho mmoja wao alikuwa ameanzisha wimbo, wote watatu wakauingia, na wauguzi wakaja kuwanyamazisha. Mimi nilisikia kwa sababu sikio langu lilikuwa karibu na mdomo wako.

Walipoondoka uliniambia, "Umeona Nehemia alivyofurahi? Wacha afurahi leo." Halafu ukalala. Hukumaliza wiki.

Kwenye mazishi kule nyumbani, magharibi, Pasta alitangaza mbele ya umati kwamba mdogo wake alitubu kitandani na kuyakana mafundisho ya nyani. Wamama wakapiga vigelegele. Mama yako aliinua mikono akacheza kando ya jeneza, akilia na kucheza pamoja. Wanafunzi wako waligeuka wote wakaniangalia mimi. Hapakuwa mahali pa kusema kitu. Na wewe ulikuwa umesema wacha afurahi.

Ila ulisema leo, Daktari. Na leo hiyo ikawa wiki, ikawa miezi. Picha yako ikatundikwa kwenye bango mlangoni mwa kanisa na maneno MWANASAYANSI ALIYETUBU. Kila mkutano wa injili Kawangware ulikuwa na wewe ndani yake. Mara ulilia, mara uliagiza vitabu vyako vichomwe. Nilikuwa nikipita pale nabadilisha upande wa barabara nisikuone.

Halafu kuna Njeri. Unamkumbuka, yule msichana wa Kabiro anayeuliza maswali akiwa tayari ameyajibu nusu. Babake ni mzee wa kanisa na ana ploti kadhaa pale, familia yao ilikuwa Kawangware kabla sisi wote hatujaja. Wewe ndiye uliyemwendea ukamwomba amruhusu bintiye asome baolojia ya molekuli, na akakubali kwa shingo upande. Njeri akaitwa chuo kikuu. Baba akasema hapana. "Kama mwalimu mwenyewe alijuta," akamwambia, "nikupeleke wewe ukajute?"

Njeri akaniandikia kwenye simu: Aki Akinyi niambie ukweli. Dakta alikana ama hakukana? Juu kama alikana, sisi tunasoma nini?

Sikuwa na shida ya kumjibu Njeri. Shida yangu ilikuwa mama yako. Tangu mazishi alikuwa akilala usingizi. Aliniambia mwenyewe kwamba miaka yote uliyokuwa mzima alikuwa anaamka kukuombea, na sasa haamki tena kwa sababu anajua uko wapi. Nimnyang'anye hilo, nimpe nini? Jeni ya vitamini?

Lakini mwaka mmoja tangu tukuzike ulipokaribia kwisha, kanisa likapanga ibada ya kukukumbuka, na Mama akaniita.

Nilimkuta amekaa mlangoni, ungo wa mrenda mapajani, akichambua. "Sasa, Akinyi. Umekula?" Nikamwambia nimekula. Akaniambia nikae.

"Jumapili utasimama," akasema. "Nehemia amesema sana, lakini yeye ni pasta, kila mtu anajua ni kazi yake kusema. Wewe ni mtu wa maabara. Na ulikuwa hapo. Wewe ukisema kwamba mwanangu alirudi, hakuna atakayebisha."

Nilichukua mrenda nikaanza kuchambua pamoja naye ili mikono iwe na kazi. Nikamwambia, "Mama, kuna maneno mengine alisema."

"Maneno gani?"

Nikamwambia. Swali la Nehemia, jibu lako, wimbo, na ile sentensi iliyokuwa chini ya wimbo.

Hakuacha kuchambua. "Kwa hivyo Nehemia alinidanganya?"

"Alisema kile walichosikia wote. Mimi nilikuwa karibu zaidi."

"Hakuokoka?"

"Mama, si ulimjua. Alikuwa ameokoka toka zamani. Hakuwahi kuacha."

"Na hayo ya nyani?"

Nilitaka kumwambia si nyani hasa, nikaona upuuzi wake. "Na hayo pia," nikasema. "Yote mawili. Hakuona kwamba yanafukuzana."

Aliendelea na majani mpaka ungo ukaisha, akakusanya mashina akayatupa. "Mwaka huu mmoja nimelala vizuri," akasema. Kisha, jua likiwa bado utosini, akaniambia, "Nenda nyumbani, Akinyi, usije ukakutwa na giza njiani."

Nilifukuzwa, Daktari. Kwa heshima zote, lakini nilifukuzwa. Sikumbuki nilivyofika Kibera. Siku zilizofuata nilipiga simu, hakushika. Nilimtumia salamu kwa jirani, hazikurudi. Nikawa nazunguka tu chumbani mpaka mama yangu akaniuliza kama ni mimba.

Jumapili nikaenda. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, Njeri akaja akaketi kando yangu. Pasta akahubiri kuhusu mwana mpotevu, na kila mtu alijua mwana huyo ni nani. Alihubiri vizuri. Alipomaliza, kabla ya kwaya, mama yako akainuka kutoka kiti cha mbele, akaenda taratibu na ile miguu yake, akanyoosha mkono kwa kipaza sauti.

"Kaa kidogo, baba," akamwambia Nehemia. Naye akakaa.

Nitakuandikia alichosema karibu na nilivyokisikia. Alisema, "Mimi sikusoma. Mambo ya nyani siyajui na siyataki. Lakini watoto wangu nawajua. Huyu tunayemkumbuka, akiwa mdogo, alipasua mayai ya kuku wa jirani aliyekuwa ameatamia. Moja leo, moja kesho, moja kesho kutwa, anataka kuona kifaranga kinaanzaje. Nilimchapa. Nikamwambia aombe msamaha. Akamwambia jirani, pole kwa mayai, lakini nilitaka kuona. Nikamchapa tena kwa sababu ya hiyo lakini. Akasema vilevile. Nilimchapa mpaka nikachoka mimi, na lakini yake haikutoka."

Watu walianza kucheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Sasa mwaka mzima mmenipa mtoto mwingine. Huyu alisema pole, akanyamaza. Ni mtoto mzuri. Nimejaribu kumlilia huyo, na machozi hayatoshi, kwa sababu simjui. Nataka kumlilia yule niliyemzaa." Akaangaza macho mpaka akanipata kule nyuma. "Akinyi, simama. Sema yote."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kwa mwaka mzima, na yote yakanitoka kichwani. Nilisimama nikasema tu kile ulichosema, sentensi ya kwanza na sentensi ya pili, nikakaa. Mama mmoja akasema "Haleluya" kisha akawatazama wenzake kama anayeuliza kama ilistahili. Mzee mmoja wa wale waliokuja hospitalini alichukua kofia yake akatoka. Babake Njeri alikuwa mstari wa pili, sikuona uso wake, niliona shingo tu, na shingo haikusogea. Nehemia akainuka, akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na kwaya haikuimba.

Nje, nilikuwa nikinawa uso kwenye tangi la maji Nehemia aliponijia. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Sista, yale maneno ya pili niliyasikia."

Nikafunga bomba.

"Ni mimi niliyeanzisha wimbo," akasema.

Alieleza bila kunitazama, akikwaruza kutu ya tangi kwa kucha. Alitaka mama apate kitu cha kushika. Hapo akasita, akasema hapana, si hilo tu. Alisema, "Kila alichojua, mimi nilikibebea mawe. Nilitaka mara moja tu aseme kwamba mimi ndiye nilikuwa na haki." Kisha akajifuta uso, akawa pasta tena. Akaniambia mageuzi yetu hatayaamini mpaka anaingia kaburini, na ukumbi hafungui.

"Sawa, Pasta," nikamwambia.

"Yeye pia alikuwa anasema sawa," akajibu, "halafu anaendelea." Nusura acheke.

Bango ameliondoa. Njeri alipita jana akaona ukuta mtupu na misumari. Babake bado hajasema ndiyo, lakini amemuuliza fomu za chuo ziko wapi, na kwa mtu kama yule huo ni mwendo mrefu. Mama naye ameshika simu yangu. Hakusema mengi. Amesema amelia usiku wa Jumapili vile alivyopaswa kulia mwaka jana, na kwamba ameanza tena kuamka kukuombea, kwa hivyo usingizi umekwisha, na hiyo ni juu yangu. Sijui kama alikuwa ananilaumu. Nafikiri kidogo. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Kwa nini basi situlii? Nilitegemea nikishasema, moyo utashuka. Haukushuka. Tulipokuwa tunatembea kutoka kanisani Njeri aliniuliza, "Na wewe? Wewe binafsi unaamini nini?" Nikamwambia tuliumbwa, na kwamba naona kwa macho yangu kila siku kazini jinsi tulivyofika hapa, na kwamba kati ya hayo mawili kuna mahali ambapo vifo vyote vile vinakaa, na mahali hapo sipajui. Akaniambia, "Hiyo si jibu, Akinyi." Kweli si jibu. Nimeligeuza kichwani tangu Jumapili. Kuna saa naona Nehemia ana haki ya kuogopa: ukilikubali hili, Mungu unayebaki naye si yule wa Shule ya Jumapili. Kuna saa naangalia herufi zile kwenye skrini, jinsi zinavyokubali kukosea na kwa kukosea huko zikafanya jicho na ubawa na mama yako, na siwezi kusema hakuna aliyetaka iwe hivyo. Halafu saa inapita. Wewe ulikaa na hali hii miaka mingapi? Ulifanyaje kula na kufundisha na kuimba vibaya ukiwa nayo?

Na kuna jambo jingine. Jumapili jioni vijana wa darasa walianza kutumiana ujumbe. Dakta hakukubali kunyamazishwa. Dakta alisimama na sayansi mpaka dakika ya mwisho, msee aliwaonyesha. Mmoja tayari amechora picha, umeinua ngumi na kanisa linabomoka nyuma yako. Ni bango lilelile, limegeuzwa tu upande. Na nitakwambia ukweli, kwa dakika moja lilinipendeza, kwa sababu kwenye hadithi ya picha hiyo mimi ndiye shahidi niliyekutetea.

Nimewaandikia waifute. Nimewaambia Jumamosi waje nitawaeleza kuhusu mtu aliyeogopa hospitali, aliyempigia kaka yake shati pasi kila Jumapili hata walipokuwa hawaongei, aliyekuwa mkaidi, ambaye hakujua kupika na hakukubali kwamba hajui.

Kwaheri, Daktari. Desemba nitamsindikiza Mama nyumbani akuone, kama miguu itakubali, na Nehemia amesema atakuja nasi, tutaona tutaongea nini njia yote hiyo. Kesho nina sampuli nyingine za kutoka ziwani. Mimi ninakuahidi hili tu: watu wataendelea kukutengeneza wapendavyo, na nitakayeweza kumzuia nitamzuia, nikianza na mimi mwenyewe. Wakiniuliza ulikuwa nani nitawaambia yote niliyoyaona na kuyasikia, hata yale yasiyonifaa mimi.

Ni mimi, mwanafunzi wako,
Akinyi